Bendera Isiyojulikana Bandarini: Marekani Changa na Dunia ya Wakubwa

Mabibi na mabwana, wazee wangu mliokaa mbele, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie matatizo ya siasa ya nje yaliyoikabili Marekani ilipokuwa taifa changa. Mada ni pana, na jioni ni moja, kwa hiyo nitashika kamba moja tu na kuivuta mpaka mwisho.

Mwezi Novemba 1800 manowari ngeni ilifika Istanbul. Maofisa wa bandari wakaifuata kuuliza ni ya nani. Nahodha William Bainbridge akawajibu kwamba ni ya Marekani. Wakaondoka, kisha wakarudi: nchi hiyo haijulikani. Mpaka ilipotajwa Dunia Mpya, ile aliyoifikia Columbus, ndipo wakaelewa. Miaka 24 ilikuwa imepita tangu Wamarekani watangaze uhuru wao, na kumbe kwenye mji mkuu wa Milki ya Osmani bendera yao ilikuwa kitambaa tu.

Tena hawakufika pale kwa hiari. Meli hiyo, iliyoitwa George Washington, ilikuwa imepeleka Algiers, kule Afrika Kaskazini, malipo ambayo Marekani ililazimika kumlipa Dei, mtawala wa pale, ili asiteke meli zake. Dei akapokea mali, kisha akamwamuru Bainbridge ampelekee Sultani zawadi huko Istanbul. Bainbridge alipinga, lakini meli yake ilikuwa imetia nanga chini ya mizinga ya ngome. Ikapandishwa bendera ya Algiers juu ya mlingoti mkuu. Wakapakiwa wajumbe, farasi, kondoo, simba, swala na kasuku. Na watu weusi, watumwa, wapatao mia moja, waliohesabiwa kwenye orodha ileile ya kondoo na kasuku. Inasimuliwa kwamba kila upepo ulipowalazimu mabaharia kugeuza meli, waliokuwa wanasali walipotewa na kibla, hata akawekwa mtu karibu na dira awaelekeze.

Taifa lililomshinda Mwingereza vitani lilifikaje mahali pa kuwa mchukuzi wa mizigo ya Dei?

Turudi nyuma, Julai 1785. Katika mwezi huo maharamia wa Algiers walizikamata meli mbili za biashara za Kimarekani kwenye Atlantiki, jirani na Ureno: Maria ya Boston na Dauphin ya Philadelphia. Watu 21 wakatiwa utumwani. Na mwanzoni mwa Agosti, kabla habari hazijavuka bahari, Kongresi iliuza manowari yake ya mwisho iliyobaki tangu vita vya uhuru, Alliance. Nawaomba mzishike tarehe hizi mbili pamoja. Mwizi yuko mlangoni, mwenye nyumba yuko sokoni anauza rungu lake la mwisho.

Aliliuza kwa sababu hakuwa na fedha. Kwa mapatano yaliyokuwepo kabla ya Katiba, Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi hata senti moja. Iliyaomba majimbo 13, nayo yalitoa yalipopenda, na mara nyingi hayakupenda. Madeni ya Ufaransa na ya Waholanzi yalikuwa yanaongezeka. Uingereza ilikuwa imeafiki katika mkataba wa Paris wa 1783 kuondoka kwenye ngome zake za kaskazini, Detroit, Niagara na nyinginezo, lakini iliendelea kuzikalia, ikidai kwamba majimbo yanawazuia wafanyabiashara wa Kiingereza kudai madeni yao ya zamani. Na dai hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Balozi wa Uingereza mjini Paris aliwauliza wajumbe wa Kimarekani waziwazi kama wametumwa na Kongresi peke yake au na kila jimbo. Lilikuwa swali la kuumiza, maana jibu lake halikuwepo.

Halafu biashara. Walipokuwa koloni, mabaharia wa New England walilindwa na jeshi la majini la Mfalme, na visiwa vya Karibi vya Kiingereza vilikuwa soko lao. Baada ya uhuru ulinzi ukaondoka, na visiwa vikafungwa kwa meli zao. Ikabidi watafute riziki mbali: Canton kule China, Bahari ya Hindi, Mediterania. Na kuingia Mediterania lazima upite Gibraltar, mbele ya Moroko na Algiers, na ukishapita unazikuta Tunis na Tripoli.

Moroko nitaipa haki yake. Sultani Sidi Muhammad bin Abdallah aliwafungulia Wamarekani bandari zake mwaka 1777, vita vya uhuru bado vinapiganwa. Aliposubiri mkataba asiuone, mwaka 1784 alikamata meli moja kuwakumbusha, na mwaka 1786 mkataba ukapatikana kwa gharama ndogo. Yale mataifa mengine matatu yalikuwa na hesabu nyingine.

Hesabu hiyo John Adams aliisikia London, alipokuwa balozi huko, Februari 1786. Alimtembelea balozi wa Tripoli, Abdurrahman. Wakakaa mbele ya moto. Ikaletwa kahawa, na viko viwili virefu kuliko urefu wa mtu, vichwa vyake vimelazwa juu ya zulia. Adams akavuta taratibu, kikombe mkononi, akishindana na mwenyeji wake kwa kupuliza moshi, mpaka mmoja wa wahudumu akapaza sauti kwa Kifaransa: bwana, wewe ni Mturuki kweli! Katikati ya ukarimu huo, mwenyeji akamweleza kwa upole kwamba Tripoli ina vita na Marekani. Adams akashangaa, hakuwa na habari. Akaambiwa kwamba pasipo mkataba hapana amani. Baadaye, Thomas Jefferson alipofika kutoka Paris, alikokuwa balozi wa Marekani, wakatajiwa bei: gini 30,000 kwa Tripoli, sarafu za dhahabu za Kiingereza, kila moja ikizidi dola nne, na Tunis itataka kama hizo. Kongresi ilikuwa imetenga dola 80,000 kwa nchi zote nne.

Wale marafiki wawili wakatofautiana. Adams aliona kulipa ni nafuu kuliko hasara ya biashara, na akaonya kwamba wasiwapige kabisa kama hawajaamua kuwapiga milele. Jefferson alitaka manowari. Mimi naona kila mmoja alikuwa na haki na wote wawili walikuwa bure, kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kulipa wala ya kupigana. Kwa mateka 21 Dei alitaka karibu dola 60,000. Mjumbe akarudi mikono mitupu.

Kati ya mateka hao alikuwemo kijana wa miaka 18, James Leander Cathcart, mzaliwa wa Ireland, baharia wa Maria. Walimwanzisha kazi ya kutunza wanyama wa bustani ya kasri. Wenzake walivuta mawe ya kujengea gati wakiwa na pingu. Tauni iliingia na kuwachukua kadhaa. Cathcart alijifunza lugha za pale, akapanda cheo hadi akawa karani mkuu Mkristo wa Dei. Alikaa Algiers miaka 11.

Nyumbani habari zao ziliwauma watu, na zilitumiwa kudai serikali yenye nguvu. Katiba mpya ilipoanza kazi mwaka 1789, Kongresi ilipata uwezo wa kutoza ushuru na kuunda jeshi la majini. Lakini sitaki tupite hapa kimya. Nchi iliyolilia watu 21 waliofungwa Algiers ilikuwa na watumwa karibu 700,000 katika hesabu yake ya kwanza ya watu, mwaka 1790. Benjamin Franklin aliliona hilo. Wiki chache kabla ya kufa aliandika gazetini hotuba ya kubuni ya mkubwa mmoja wa Algiers akitetea utumwa wa Wakristo, kwa hoja zilezile ambazo mbunge wa Georgia alikuwa ametoka kuzitoa kutetea utumwa wa Waafrika. Kila nikiisoma, nasikia aibu ya mzee yule juu ya nchi aliyoijenga.

Mwaka 1793 mambo yakazidi. Ureno, ambayo meli zake zilikuwa zinaziba mlango wa Gibraltar, ilisitisha vita na Algiers kwa upatanishi wa konseli wa Uingereza. Maharamia wakatoka Atlantiki, wakakamata meli 11 za Kimarekani kwa muda mfupi na watu zaidi ya mia moja. Mwaka huohuo Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani, Rais Washington akatangaza kutofungamana na upande wowote, na Waingereza wakaanza kukamata meli za Kimarekani kwa mamia huko Karibi. Mkataba alioleta mjumbe John Jay kutoka London uliwatoa Waingereza kwenye zile ngome, lakini wananchi waliuona ni wa kujidhalilisha, wakachoma sanamu za Jay barabarani. Seneti iliupitisha kwa kura 20 dhidi ya 10, theluthi mbili kamili. Ufaransa nayo ikakasirika, ikageukia meli hizohizo.

Machi 1794 Kongresi ikaidhinisha kujengwa manowari sita. Na kwa kuwa manowari hazioti usiku mmoja, Septemba 1795 ikatiwa saini amani na Algiers: dola 642,500 taslimu, na kila mwaka vifaa vya meli vya thamani ya dola 21,600. Ukijumlisha zawadi, gharama ilikaribia dola milioni moja, wakati mapato yote ya serikali mwaka ule yalikuwa kama milioni sita. Cathcart akawa huru.

Wako wanaoyasimulia haya kama vita vya Uislamu na Ukristo. Siafiki. Mkataba na Tripoli, uliopitishwa na Seneti bila kura ya kupinga mwaka 1797, unasema wazi katika kifungu cha 11 kwamba serikali ya Marekani haikujengwa juu ya dini ya Kikristo, na haina uadui na sheria au dini ya Waislamu. Na mataifa ya Kikristo ya Ulaya yalifurahi kuwalipa maharamia ili wawaumize washindani wao wa biashara.

Cathcart alirudishwa Afrika Kaskazini, safari hii kama konseli wa Marekani Tripoli. Tarehe 14 Mei 1801 Pasha Yusuf Karamanli, mtawala wa Tripoli, akiona amelipwa kidogo kuliko Algiers, aliwatuma askari kukata mlingoti wa bendera wa ubalozi. Mti ulikuwa mgumu. Walipiga shoka, wakavuta kamba, ukakataa. Ulichukua muda mrefu mpaka kuanguka. Na aliyesimama akitazama ni yule kijana wa meli ya Maria. Lakini mwaka huo manowari zilikuwepo. Vita vya Tripoli vilidumu hadi 1805, na hata hivyo viliisha kwa Marekani kulipa fidia ya dola 60,000, baada ya Bainbridge kukwama na manowari yake na kutekwa na watu wake 307. Algiers ilisubiri hadi 1815: Marekani ilipomaliza vita vyake vya pili na Uingereza, ilipeleka kikosi chini ya Stephen Decatur, na malipo yakakoma.

Meli ya mwisho kutekwa na Algiers kabla ya hapo, Edwin, ilikuwa ya Salem, Massachusetts. Wazee wa pwani mnaijua Salem kwa kitu kilichovaliwa na bibi zetu: merikani, kile kitambaa cha pamba kilichofika Unguja kwa meli za huko, zikirudi na pembe na gundi ya sandarusi. Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani kule Muscat, ushuru wa asilimia tano. Mjumbe Edmund Roberts alileta kifungu cha kawaida kwamba baharia wa Kimarekani akivunjikiwa na meli na kutunzwa, gharama italipwa. Sultani alikikataa. Kikaandikwa kwamba manusura watakaribishwa na kulishwa kwa gharama yake mpaka wapate njia ya kurudi kwao, na kwamba Sultani hawezi kamwe kupokea malipo kwa kumsaidia mtu aliyefikwa na shida.