Ndoo ya maji ya chumvi: ujuzi wa mpunga ulivyotoka Chekereni

Wakufunzi, shikamooni. Wanachuo, habari za asubuhi.

Mmeiona ndoo hii hapa mezani na naona wengine mnanong'onezana kwamba mzee amekuja kufua. (Kicheko.) Sogeeni. Humu mna maji matupu. Natia yai bichi: limezama. Namwaga chumvi, nakoroga. Bado. Naongeza. Sasa mnaona? Limeelea kwa ubavu, kipande kidogo kama sarafu kimechungulia juu. Hapo maji yamefikia uzito tunaoutaka. Ukimwaga mbegu ya mpunga humu, mapepe yanakuja juu, unayaengua. Zilizozama unaziosha sawasawa chumvi itoke, ndizo unazosia kitaluni.

Mimi nilionyeshwa jambo hili na mtaalamu wa Kijapani aliyekunja suruali mpaka magotini. Mshahara wake ulitoka kwenye kodi za watu wa kwao. Nimeombwa niseme habari za miradi ya aina hiyo, serikali ya nje inapolipia ujuzi kwetu. Nitasema ya mpunga, maana ndiko nilikozeekea.

Wajapani walianza kazi Kilimanjaro miaka ya 1970. Mwaka 1978 kikaanzishwa kituo cha kuendeleza kilimo Moshi, na kati ya 1984 na 1987 ikajengwa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi: hekta 2,300, kati yake kama 1,100 za majaruba ya mpunga, kwa maji ya mito ya Njoro na Rau. Mabanio na mifereji ya zege ilijengwa kwa mkopo wa Japani, na mkopo hulipwa. Wataalamu na mafunzo ndiyo yaliyokuja kama msaada. Watu huyachanganya haya mawili, hata wanaosoma bajeti. Mwaka 1994 kikafuata kituo cha mafunzo cha KATC, pale pale Chekereni, chini ya Wizara ya Kilimo kwa kushirikiana na JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, na wakulima wakaanza kuletwa kutoka skimu za mikoa mingine.

Walifundishwa nini? Vitu vidogo. Kuinua matuta ya jaruba na kusawazisha tope ili maji yasisimame upande mmoja. Kung'oa miche ikiwa bado michanga, ya wiki tatu hivi; ile ya mwezi na nusu imeshachoka kabla haijapandwa. Kupandikiza kwa mistari, kwa kamba yenye mafundo: watu wawili wanaishika ncha huku na huku, wengine wanainama wanachomeka miche miwili mitatu kila penye fundo, kisha kamba inarushwa nyuma hatua moja. Kinamama walilalamika mgongo, na walikuwa na haki. Lakini ilipofika palizi waliona wenyewe faida ya mstari. Kwa mbegu ya IR54, mbolea na maji ya uhakika, mavuno ya Lower Moshi yalipanda kutoka kama tani 2 kwa hekta hadi zaidi ya 6. Kwa hesabu yetu ya eka, hiyo ni karibu tani mbili na nusu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Wenzetu wa juu ya mto, ambao hawakuwemo kwenye ramani ya mradi, waliona. Nao wakachimba majaruba, wakafungua mifereji yao. Maji yakaishia kwao. Mpunga ndani ya skimu ukapungua mwaka hadi mwaka, mashamba mengine yaliyosawazishwa kwa gharama kubwa yakakaa bila maji huku watu wakikesha mferejini kulinda zamu. Wahandisi walikuwa wamepima mto, ila hawakupima kwamba ujuzi ukiwa na faida hauwezi kuzungushiwa uzio. Wengi huuita mkasa ule kushindwa kwa mradi. Mimi nasema mafunzo yalifaulu kupita kiasi, na aliyepanga maji hakukaa meza moja na aliyepanga mafunzo.

Ilonga, kule Kilosa, jambo hili la ujuzi kusambaa kwa wasioitwa walilipanga kwa makusudi. Wakulima 20 walifundishwa siku 12, kila mmoja akapewa wenzake 5 wa kuwafundisha. Watafiti waliwafuatilia. Wale 20 walitoka tani 3.1 kwa hekta wakafika 5.3. Wakulima wa kawaida ambao hakuna aliyewaita popote walitoka 2.6 wakafika 3.7, ila wao walichelewa, kwanza walitazama.

Linganisheni na semina moja niliyopelekwa mimi, mradi siutaji. Siku tano hotelini, kilimo cha mpunga, hatukugusa tope. Siku ya mwisho tulipanga foleni ya posho, tukagawiwa vyeti na fulana. Ile fulana mke wangu aliifanya tambara la kudekia. (Kicheko.) Kwenye ripoti, nina hakika, mimi ni mtu mmoja aliyejengewa uwezo.

Siku moja nilipanda juu ya mto kwenda kuzungumza na hao tuliokuwa tukiwaita wezi wa maji. Nikamkuta mama mmoja na wanawe wameshika kamba. Mafundo yamepimwa, mistari imenyooka kuliko ya wanafunzi wangu. Nikamuuliza, mama, ulisoma lini Chekereni? Akacheka. "Kusoma wapi, bwana shamba! Nilikuwa kibarua kule, napandikiza kwa siku. Nikaona, nikaja kwangu."

Nikakaa kwenye tuta, nikasahau hotuba yangu ya maji. Nilimuuliza tu mbegu anaichaguaje. Akaniambia anapepeta kwa ungo. Basi nikamwomba ndoo, chumvi na yai moja.

Haya, maswali tutayafanyia shambani. Kuna ndoo tatu nje na chumvi imeshapimwa. Yai hili mnirudishie.