Kabla ya Jenereta, Chenjiova

Assalamu alaykum. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua jenereta la nyumbani. Nitafika huko inshallah, lakini kwanza chenjiova, ile swichi ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa shirika na wa jenereta. Naona huko nyuma mnacheka: kaanza tena!

Kile kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010 sina haja ya kuwahadithia. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulituadhibu sote. Siku zile niliingia nyumba moja hapa Unguja, ya mtu wangu wa karibu. Jenereta linanguruma uani. Nikamuuliza, umeme unaingiaje ndani? Akanionesha kwa fahari waya wenye plagi ncha zote mbili: moja kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi nyuma ya friji. "Fundi kanirahisishia." Kakurahisishia kufa! Ukichomoa ncha moja, vile vichuma mkononi mwako vina volti 230. Na umeme ule haukomei mlangoni. Unapita mita, unapanda nguzo, unafika transfoma. Transfoma haijui bwana wake nani: inayoshusha volti 11,000 ziwe 230, ukiilisha 230 kwa nyuma inazipandisha ziwe 11,000. Na juu ya nguzo yuko kijana wa watu, kaambiwa laini imekufa.

Ule waya niliukatakata kwa koleo. Hakusema nami mpaka Idi.

Mtaniambia, kijenereta changu hakiwezi kulisha mtaa, kitazidiwa kizime. Mara nyingi, kweli. Lakini laini ikiwa imekatika nguzo ya pili kutoka kwako, mtaa haupo tena. Mmebaki wewe na yule kijana. Au utasema, mimi huzima swichi kuu kwanza. Na siku umesafiri, anawasha mpwao wa miaka 16?

Chenjiova haitegemei kumbukumbu ya mtu. Ikishika upande wa jenereta, imeachia wa shirika, basi. Ile ya kujiendesha husubiri sekunde chache, huwasha injini, volti ikitulia huhamisha mzigo. Umeme ukirudi haina pupa: hungoja kidogo, hurudisha, kisha huacha injini ipoe.

Nimebakiwa na dakika ngapi? Tatu? Haya, jenereta lenyewe. Lililoandikwa kVA 10 kwa kawaida hutoa kilowati 8, msiuziwe kama kilowati 10. Pampu na friji zikianza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Jenereta likae nje, mbali na madirisha. Barazani si nje! Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu, huua watu usingizini. Petroli msitie likiwa moto. Sola nimeiacha.

Maswali. Bwana wa kofia, kama ni ule waya wa plagi mbili, shusha mkono.