Kitabu Kinachoanza Ukurasa wa Pili

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Neema, na mwenzangu ni kaka Idi, ambaye mchana kutwa hupanga kurasa za vitabu kiwandani. Leo kaja na picha ya ukurasa mmoja tu.

IDI: Mmoja, dada, na nimeukodolea macho wiki nzima. Ni wa Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkubwa wa sheria za Wayahudi na mabishano ya walimu wao. Usisome, tazama tu. Katikati kuna maandishi ya herufi kubwa za mraba. Kulia na kushoto kuna maandishi mengine, madogo, yameyazunguka ya katikati kama watazamaji wa bao.

NEEMA: Na mtazamaji wa bao hanyamazi.

IDI: Hata kidogo! Pale katikati kuna Mishna, sheria zilizokusanywa kwa Kiebrania mnamo mwaka 200, kisha Gemara, mabishano juu ya Mishna hiyo, sehemu kubwa kwa Kiaramu. Upande wa mshono wa kitabu yupo Rashi, mwalimu wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Upande wa nje ni Tosafot, maelezo ya walimu waliomfuata, wakiwemo wajukuu zake. Na hao wajukuu wanambishia babu waziwazi.

NEEMA: Kwetu wangeitiwa kikao cha ukoo. Lakini ngoja, hicho Kiaramu kilinishangaza nilipojaribu kujifunza kuhesabu. Thelathini ni telatin. Arobaini ni arbein. Hamsini, hamshin. Sitini, shitin.

IDI: Acha utani.

NEEMA: Kweli kabisa. Sisi tumezichukua kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiaramu ni lugha za ukoo mmoja. Kiebrania cha Biblia kinamalizia kwa -im: arbaim, hamishim. Kwa hiyo kwenye makumi, sikio la Mswahili linaanzia karibu zaidi na Kiaramu.

IDI: Basi nikuulize: hizi herufi ndogo za pembeni zinaitwaje?

NEEMA: Herufi za Rashi, nadhani.

IDI: Na Rashi hakuwahi kuandika hivyo! Ni mwandiko wa Wayahudi wa Hispania. Wachapaji waliutumia kwa maelezo ili msomaji asiyachanganye na matini, jina likamgandia mzee wa watu.

NEEMA: Sasa, kwa nini ukurasa huu umekunyima usingizi?

IDI: Kwa sababu ya dhambi yangu mwenyewe. Mwaka fulani tulitoa toleo la pili la kitabu cha shule, nikapunguza ukubwa wa herufi kidogo ili kuokoa karatasi. Kurasa zikasogea. Mwalimu anasema, "Fungueni ukurasa wa 47," nusu ya darasa wanaona zoezi, nusu wanaona picha ya panzi. Simu nilizopigiwa, mama yangu!

NEEMA: Pole. Na Talmudi?

IDI: Talmudi haijasogea miaka mia tano. Kati ya 1520 na 1523, huko Venice, Daniel Bomberg alichapa Talmudi ya Babeli nzima. Na Bomberg alikuwa Mkristo, mtu wa Antwerp, mwenye ruhusa ya Papa Leo wa Kumi. Wasomi wa Kiyahudi ndio waliosahihisha kurasa. Wayahudi wa Venice walilazimishwa kuvaa kofia ya njano, na Bomberg aliwaombea wafanyakazi wake wanne wavae nyeusi.

NEEMA: Huo mpangilio wa bao ni wake?

IDI: Hapana, tumpe kila mtu haki yake. Ukoo wa wachapaji wa Soncino, Italia, ulishaupanga hivyo 1484 ulipochapa Berakhot, sehemu ya kwanza ya Talmudi. Ila Bomberg alikwenda hadi mwisho, na namba za karatasi zake ndizo zilizofuatwa. Kila karatasi ina namba moja, upande wa kwanza ni a, wa nyuma ni b. Mtu akisema Shabbat 31a, yaani sehemu iitwayo Shabbat, karatasi ya 31, upande wa kwanza, popote duniani utamkuta mwalimu wa kale Hillel akimjibu mgeni anayetaka kufundishwa Torati yote huku amesimama kwa mguu mmoja.

NEEMA: Lakini vitabu hivyo vilichomwa, sivyo?

IDI: 1553. Roma, uwanja wa Campo de' Fiori, mwezi Septemba, na Venice nayo ikafuata. Hata hati nyingi za mkono zilipotea. Talmudi ya Babeli iliyobaki karibu kamili kwa mkono ni moja, ya 1342, ipo Munich. Karne ya 19 Raphael Rabbinovicz alikaa nayo akiilinganisha na chapa, neno kwa neno, kuona wanukuzi walikosea wapi na wakaguzi wa vitabu walifuta maneno gani.

NEEMA: Hiyo ndiyo kazi ya macho. Na siku hizi wanasoma chapa gani?

IDI: Mara nyingi ile ya mji wa Vilna, Lithuania, ya 1880 hadi 1886. Jalada la ndani limeandikwa "Mjane na Ndugu Romm". Mjane katangulia! Kurasa zinafuata zilezile za Bomberg. Ndiyo maana tangu 1923 watu wanaweza kusoma karatasi moja kwa siku, wote ileile: siku hizi jumla ni karatasi 2,711, yaani miaka saba na nusu hivi.

NEEMA: Mbona karatasi ya kwanza kwenye picha yako ina namba 2?

IDI: Karibu kila juzuu linaanzia 2. Kwa kawaida husemwa kwamba jalada la ndani limehesabiwa kuwa la kwanza.

NEEMA: Na nakala za Bomberg zenyewe?

IDI: Moja ilikaa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Mkusanyaji Jack Lunzer aliiona kwenye maonyesho ya 1956, akaitamani miaka mingi, hakuipata hadi aliponunua nakala ya miaka 900 ya hati ya kuanzishwa kwa kanisa lenyewe, akabadilishana nao. Mwaka 2015 iliuzwa New York kwa dola milioni 9.3.

NEEMA: Kaka Idi, na kile cha panzi kimebaki nakala ngapi?

IDI: Dada, tupige muziki.