Namba ya kweli unamwambia mwenzako

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu mambo vipi. Nimefurahi kuona leo wazazi wamekuja na watoto wao, maana mara nyingi tunakutana wenyewe tu wenye kisukari halafu tukirudi nyumbani hakuna anayejua tumeongea nini.

Mimi naishi na kisukari aina ya kwanza tangu niko shule ya msingi, na siku za kliniki ya vijana huwa nakaa na wenzangu wapya. Leo nataka tuongelee lile daftari la sukari. Kila mtu analo. Unatakiwa upime asubuhi kabla ya kula, mchana, jioni, kabla ya kulala, uandike. Sasa likifunguliwa kliniki utakuta namba nzuri tupu, 6, 7, 6, 8, 7, mwezi mzima, peni moja, mwandiko mmoja, dhahiri limeandikwa usiku wa kuamkia kliniki. Halafu kinapimwa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, HbA1c, kinasoma asilimia 12, yaani sukari ilikuwa juu sana. Mtoto anafokewa, mama anaona aibu, na safari ijayo mtoto anaandika uongo uleule ila anabadilisha peni.

Mtoto huyu msimuite muongo jamani. Stripu za kupimia sukari ziliisha na anaona baba anahangaika na kodi, akaogopa kusema. Au alipima akakuta 19 akajua itakuwa kesi. Ila hatari yake ni kubwa, kwa sababu daktari anapanga dozi kwa namba ambazo hazipo, na insulini ukiipanga kwa kubahatisha inaweza kukushusha sukari ukazimia usiku umelala.

Hapo ndo mwenzako anapoingia. Unakaa naye kwenye benchi anakwambia mimi jana jioni nilisoma 21, nilikula chapati tatu kwenye shughuli ya shangazi, wewe je? Na wewe unasema. Yaani hiyo sentensi ya kwanza ya ukweli hatoi daktari, anatoa mwenzako, halafu mnaingia wote kwa daktari mkiwa na namba zinazofanyiwa kazi. Ndo maana mimi nikisikia mtu anasema vikundi vyetu ni vya kufarijiana tu roho inaniuma, kwa sababu vikundi hivi ni sehemu ya matibabu sawa na stripu na sindano.

Niwape mfano. Kuna binti alikuwa sukari haishuki, dozi inaongezwa kila kliniki, nyumbani wanasema anakula pipi kwa siri. Dada mmoja kwenye kikundi akamwambia hebu nione unapochoma. Akashika paja lake kwa vidole taratibu, akakuta uvimbe laini kama mpira, hauumi, na binti alikuwa anachoma hapohapo kila siku kwa sababu hapaumi! Ukichoma kwenye uvimbe ule insulini hainyonywi vizuri, leo inaingia kidogo, kesho nyingi. Alitakiwa ahame, tumbo, paja, mkono, na kila sindano isogee kidogo kutoka ya jana. Lakini sikilizeni hapa, usihame kimyakimya na dozi ileile kubwa, sehemu nzima inanyonya vizuri na sukari inaweza kushuka ghafla, mwambie nesi au daktari kwanza. Yule binti hajawahi kuonyesha paja lake kwa mtu mwingine, anaona aibu, kwa dada mwenye makovu kama yake alionyesha.

Wa bweni nao wana yao. Insulini imefungiwa kwenye friji la matroni, mwenye funguo hayupo, au imewekwa karibu na barafu ikaganda, na ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka usichome. Wengine kwao hakuna friji kabisa, wenzao ndo wamewafundisha kile chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, kikae kivulini. Kinapoza vizuri tu. Na rafiki wa kitanda cha jirani afundishwe dalili za sukari kushuka: nikianza kutetemeka, jasho, naongea vitu havieleweki, nipe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, nipime tena, ikiwa bado chini ya 4 rudia, baadaye nile chakula. Nikizimia usininyweshe kitu, nilaze ubavu nipelekwe hospitali mbio.

Halafu kuna hili la mjomba mwenye dawa ya mizizi, au mtu anakuombea anakwambia acha sindano uonyeshe imani. Omba, hakuna anayekukataza, ila sindano usiache. Kwenye aina hii kinga ya mwili imeshambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mwili hauna nyingine. Mtoto si kwamba alikula sukari sana, wazazi acheni kujilaumu. Kabla ya Januari 1922, alipochomwa sindano ya insulini kijana wa miaka 14 kule Toronto, Kanada, anaitwa Leonard Thompson, watoto wa namna yetu walikuwa wanapunguziwa chakula mpaka wanabaki mifupa, na bado walikufa. Yeye aliishi miaka 13 zaidi. Ukiacha insulini utaanza kiu, mkojo, kutapika, tumbo linauma, unahema kwa kasi, na watu watasema malaria. Hata ukiumwa na huli vizuri usiache, piga simu kliniki wakupangie dozi. Na siku mjomba anakubana ukumbini mbele ya ukoo mzima, uwe na mtu wa kumpigia simu ambaye ameshabanwa hivyohivyo na bado anachoma.

Kwa hiyo kabla hatujanywa chai kila mtoto achukue namba ya simu ya mtu mmoja humu ndani wanaoishi karibu, na wazazi mfanye hivyohivyo maana na nyinyi usiku mnaamka peke yenu kupima. Wenye watoto walioanza sindano mwaka huu naomba mje mbele hapa na madaftari, tuyapitie taratibu, na hakuna atakayefokewa.