Kuunda Mtandao wa Wataalamu wa Mazingira katika Pwani ya Kenya na Tanzania

Mheshimiwa Mwenyekiti, wataalamu wenzangu, mabibi na mabwana,

Mto Umba unaanzia katika milima ya Usambara, Tanzania, na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, Kenya. Udongo unaomomonyoka kule mlimani huteremka na maji hadi kwenye mikoko na nyasi bahari za nchi nyingine, ilhali afisa misitu wa mlimani na afisa uvuvi wa pwani hawana jambo lolote la kikazi linalowalazimu kufahamiana. Pengo hilo ndilo linalonisumbua.

Serikali zetu zinao Mkataba wa Nairobi wa kulinda mazingira ya bahari na pwani ya kanda yetu, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika mwaka 1996. Wanasayansi wa bahari wa kanda hii wanacho chama chao, WIOMSA, kilichoasisiwa mwaka 1993, chenye makao yake Zanzibar. Kwa hiyo sipendekezi chombo kingine cha kanda nzima, bali mtandao mdogo wa watu wanaofanya kazi baina ya Kwale na Tanga.

Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi wakati wa El Niño, matumbawe ya Bahari ya Hindi yalipauka na sehemu kubwa yakafa. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango wa CORDIO, uliowakutanisha wataalamu wa nchi mbalimbali katika kuchunguza uharibifu huo. Swali lilitangulia, chombo kikafuata. Sisi tuna mazoea ya kuanza na katiba, nembo na uchaguzi wa viongozi, kisha tukatafuta kazi ya kufanya, na fedha za mfadhili zikiisha mtandao nao unakwisha.

Jambo gumu zaidi ni takwimu. Kabla ya kipimo cha kwanza kuchukuliwa, ni lazima tuandikiane nani anazimiliki, nani atatajwa katika chapisho, na lini matokeo yatarudishwa vijijini kwa lugha inayoeleweka. Kijana aliyezama majini kuzikusanya asipoliona jina lake popote hatarudi tena, na atakuwa na haki.

Uratibu uzunguke baina ya taasisi zilizopo, bila kuajiri mtu mpya.

Wawakilishi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, nao waketi mezani tangu siku ya kupanga, wala wasiitwe baadaye kusikiliza tulichokwisha kuamua. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakienda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi za msimu, pwani ya Kenya vizazi na vizazi, wakifuata kaskazi na kusi, na mawasiliano yao ya kuvuka mpaka ni ya zamani kuliko yetu sote tuliomo ukumbini.

Kazi ya kwanza ninayoipendekeza ni tope la Umba: lipimwe upande wa Tanzania na mlangoni mwa mto, kule Vanga, siku zilezile, kwa kifaa cha aina moja, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Kila taasisi iliyo tayari imtaje mtu wake mmoja kabla hatujatawanyika leo.