Walivyoijaribu sumaku ya CMS kabla ya kuishusha shimoni

Mabibi na mabwana, nimeombwa nieleze jinsi sumaku kubwa za vitambuzi vya chembe zinavyojaribiwa. Nitashika moja tu, ya CMS, kitambuzi kikubwa kinachonasa chembe ndogo kuliko atomu kule CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ilijaribiwa mwaka 2006 juu ya ardhi, katika kijiji cha Cessy upande wa Ufaransa, kabla ya kuteremshwa kwenye shimo la kina cha mita 100 hivi.

Kazi yake ni kupinda njia za chembe zenye chaji. Njia ikipinda kidogo, chembe ilikuwa na nguvu nyingi. Ikipinda sana, ilikuwa na nguvu chache. Hilo tuliache hapo.

Tazameni koili yenyewe, yaani waya uliozungushwa unaozalisha usumaku: urefu mita 12.5, kipenyo cha ndani mita 6, uzito wa sehemu inayopoozwa tani 220. Waya wake ni wa niobi na titani, umefunikwa kwa alumini safi. Ukipoozwa kwa heliamu hadi kama nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wa umeme unatoweka kabisa. Kupooza peke yake ni mtihani. Alumini husinyaa, na koili hii hupungua urefu kwa takriban sentimita 5. Ndiyo maana imening'inizwa kwa fito za titani ndani ya tangi lisilo na hewa: fito lazima zibebe tani zote hizo, zifuate msinyao, na zisipitishe joto la nje.

Kisha unakuja mkondo, hadi zaidi ya ampea 19,000 ili kufikia tesla 4 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Nishati inayohifadhiwa hapo ni gigajuli 2.6. Watu hushtuka wakiisikia namba hiyo. Mimi nimeipigia hesabu: ni kama uniti 720 za umeme, zile zile mnazonunua kwa ajili ya nyumbani. Si nyingi. Hatari iko kwenye muda na mahali. Kipande kidogo cha waya kikipata joto, ukinzani unarudi, kinazidi kupata joto, na nishati yote inaweza kujimwaga pale pale.

Kwa hiyo wahandisi waliijaribu hali hiyo kwa makusudi. Walipandisha mkondo ngazi kwa ngazi, kisha wakaukata ghafla na kuangalia. Hapa kuna ujanja ninaoupenda sana. Koili imezungukwa na mitungi ya aloi ya alumini, kama ganda. Mkondo unaposhuka haraka, mitungi hiyo nayo huzalisha mkondo wake, inapata joto, na kuipasha koili nzima kwa pamoja. Joto linatawanyika badala ya kuchoma sehemu moja. Karibu nusu ya nishati hubaki ndani ya koili, nyingine huishia kwenye vikinzani vya nje, na kupooza upya huchukua siku kadhaa.

Agosti 2006 sumaku ilifika tesla 4. Wakati huo huo sehemu za kitambuzi zilikuwa zinanasa muoni, chembe zenye chaji zinazotoka angani zenyewe, ambazo hazimdai mtu umeme. Februari 2007 kipande cha katikati, karibu tani 2,000 pamoja na sumaku, kilishushwa kwa takriban saa kumi.

Huko chini, hata hivyo, huendeshwa kwa tesla 3.8. Waliamua kuipunguzia mzigo ili idumu, kwani ikiharibika kule hakuna wa kuitoa kirahisi. Karibuni maswali.