Pramu, kiti cha gari na ngazi za ghorofa ya nne

KIOKO: Haya, mko na sisi tena, mimi ni Kioko, na upande ule mwingine wa meza yuko Mama Taji anakula njugu karibu na maiki, msishtuke mkisikia kelele.

MAMA TAJI: Nimemaliza. Endelea.

KIOKO: Leo hatuna mgeni, mgeni ni mimi. Bibi yangu amefika wiki ya 34 ya mimba na mimi hadi jana nilikuwa najua tumemaliza kununua, nepi ziko, beseni iko, shali ziko tano, sijui mtoto mmoja hufanya nini na shali tano. Halafu jana jioni ananitumia picha ya ile seti ya 3 kwa 1, ile pramu, kigari cha kusukuma mtoto, inakuja na kitanda chake na kiti cha mtoto cha gari kinachoingia juu ya fremu tak! Elfu 45. Na anataka tuweke dipoziti Jumamosi.

MAMA TAJI: Kwanza niulize, unaishi ghorofa ya ngapi?

KIOKO: Ya nne.

MAMA TAJI: Lifti?

KIOKO: Iko.

MAMA TAJI: Kioko.

KIOKO: Iko pale, nimesema iko, sijasema inafanya kazi.

MAMA TAJI: Ndio hapo sasa. Mimi yangu nilinunua na macho. Nyeusi, magurudumu makubwa kama ya pikipiki, mpini wa ngozi, nikajiona nikitembea nayo kama wale wamama wa kwa TV. Tukafika kwa gari, Vitz, mnajua buti ya Vitz. Fremu ikaingia, kitanda kikakataa. Tukatoa magurudumu ya nyuma, tukalaza viti, askari wa parking akaja kusaidia na akawa na maoni mengi kuliko msaada, mwisho tukafunga buti na kamba tukaenda nyumbani ikipiga-piga njia nzima. Sai iko kwa korido, imebeba viazi na taulo za mtoto. Taji ameipanda labda mara sita.

KIOKO: Mara sita kwa mwaka mzima?

MAMA TAJI: Na mbili kati ya hizo zilikuwa ndani ya mall. Wewe fikiria kutoka kwako hadi stage. Mtaro hauna kifuniko, kibanda cha mama mboga kimekaa pale watu wanapopita, boda zinakuja na kwa hiyo hiyo njia, kuna changarawe, kuna matope. Utasukuma hiyo kitu wapi? Utaishia kuibeba mtoto akiwa ndani. Mimi leso ilinifanyia kazi yote, mtoto mgongoni, mikono yote miwili iko huru, natoa nauli, nashika chuma ya matatu.

KIOKO: Kwa hivyo pramu ni upuuzi.

MAMA TAJI: Sijasema hivyo. Kuna mtu anaishi kwa estate iko na cabro, yale matofali ya kutandika njia, mlango hadi mlango, ama anaendanga msitu wa Karura kila Jumapili, ama amepata mapacha, huyo anunue na asiniskize. Ila hata huyo aangalie kitu kimoja, mtoto mchanga alale flati kabisa. Kama haina kile kitanda, basi mgongo wa pramu ushuke hadi chini, si kushuka nusu. Lakini hiyo seti yenu iko na vitu viwili vimeuzwa kama kimoja. Pramu ni starehe. Kiti cha gari si starehe, hiyo ndio mimi ningetolea pesa, na watu wengi huku wanafanya kinyume, wanachagua magurudumu halafu kiti kinakuja tu kama zawadi.

KIOKO: Lakini pia sisi tumelelewa kwa mikono. Mamangu alinishika kwa mapaja Machakos hadi Nairobi na niko hapa.

MAMA TAJI: Wewe uko hapa. Waziri wa uchukuzi Michuki alikuja 2004 akatufungisha mikanda kwa matatu, hiyo wote tunakumbuka, lakini ule mkanda ni wa mtu mzima, mtoto wa siku tatu atafungwa na nini? Gari ikienda kilomita 50 kwa saa na igonge, mtoto wa kilo nne anavuta mikono yako na nguvu kama ya kubeba mtu mzima, hakuna mapenzi ya mama yanaweza kushika hiyo. Na usimfunge pamoja na wewe ndani ya mkanda mmoja, hapo wewe ndio unamponda. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71. Sabini na moja!

KIOKO: Sawa, umenipata. Sasa naangalia nini kwa hicho kiti?

MAMA TAJI: Kwanza kigeuze ukione chini. Kama ni cha Ulaya kuna lebo ya rangi ya chungwa yenye E ndani ya duara, na namba kando yake ni ya nchi iliyokipitisha, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Pale juu itaandikwa R44 ama R129. R44 ndio sheria ya zamani, inaenda na uzito, hivi vya wachanga ni hadi kilo 13. R129 inaenda na urefu wa mtoto na imepimwa pia kugongwa kwa ubavu, na inataka mtoto aangalie nyuma hadi afike angalau miezi 15.

KIOKO: Hiyo ya kuangalia nyuma bibi yangu hataki, anasema hatamuona uso.

MAMA TAJI: Atamuona nyumbani. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo ni kama uji, gari ikigonga na mbele, akiwa anaangalia nyuma ule mgongo wa kiti ndio unapokea mwili wote pamoja na kichwa. Akiangalia mbele kichwa kinarushwa. Na usikiweke pale mbele kwa abiria kukiwa na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga, tafadhali, gari nyingi za Japani tunazoendesha hazina swichi ya kuizima, ile karatasi ya onyo kwa kizuia jua imeandikwa Kijapani ndio maana hakuna mtu husoma.

KIOKO: Na gari yangu ni Fielder ya kitambo. Muuzaji anasema kiti ni cha ISOFIX. Nikamwambia sawa, sikuwa najua ni nini.

MAMA TAJI: Ni vyuma viwili vimejificha pale makalio ya kiti cha nyuma cha gari yanapokutana na mgongo, ingiza vidole utavigusa. Japani walifanya iwe lazima kwa gari mpya kuanzia Julai 2012, na sisi Kenya gari ya mitumba inaingia ikiwa haijapita miaka minane, kwa hivyo hizi za juzi-juzi utazipata navyo, yako ya kitambo pengine. Kile kitako cha kiti cha mtoto ndio kinashika hivyo vyuma, na mara nyingi kina mguu unasimama kwa sakafu. Usipopata vyuma si mwisho, viti vingi vya wachanga vinafungwa pia na mkanda wa gari, wa kiunoni unapita kwa zile alama za bluu, wa begani unazunguka nyuma ya kiti. Lakini ujaribu kwa gari YAKO. Kuna mikanda mifupi haifiki. Mimi nililipa kwanza nikajaribu baadaye, ndio nakwambia.

KIOKO: Na kama ni teksi? Juu siku ya kutoka hosi gari inaweza kuwa garaji, inapendanga garaji.

MAMA TAJI: Basi hiyo ya kufungwa na mkanda ndio inakufaa kuliko kitako cha bei. Siku yetu tulipanda teksi, ile ya app, kiti cha nyuma kimevalishwa kava ya manyoya, mkanda uko lakini pa kuchomeka hakuna, zimezikwa chini ya kava. Dereva anasema "madam hakuna mtu hufunga huko nyuma". Baba Taji akapiga magoti kwa lami, akatia mkono hadi kwa kiwiko, akatoa kalamu, maganda ya njugu, shilingi ishirini, ndio akafika. Dakika kumi. Mama mkwe ananyoosha mikono tu, nipeni mtoto nimshike, kwani mnabebesha mtoto plastiki?

KIOKO: Na mkampa?

MAMA TAJI: Tulimpa bahasha ya picha za skani ashike. Sasa skiza, hapa ndio watu wanakosea na kiti ni kizuri. Ukishamfunga, shika ukanda wa kiti chake pale begani kwa kidole gumba na cha shahada, jaribu kufinya mkunjo. Ukibaki na mkunjo mkononi, umelegea, vuta tena. Ukivuta vizuri vidole vinateleza tu hakuna cha kushika. Na mikanda itoke usawa wa bega ama chini kidogo, si juu. Kama kiti kimeletwa na mtu kutoka Marekani kitakuwa na klipu ya kifuani, hiyo ikae usawa wa kwapa, si tumboni.

KIOKO: Na baridi ya Julai? Susu, yaani nyanya yake mtoto, anakuja na yeye ni mtu wa nyumonia, atamvalisha mtoto kama anaenda Mlima Kenya.

MAMA TAJI: Hizo shali zako tano sasa zimepata kazi. Jaketi nzito chini ya mkanda hapana, inabonyea gari ikigonga na mkanda unabaki na nafasi. Mfunge na nguo nyepesi halafu shali juu ya mikanda. Na kama ni jua, usifunike pramu yote na shali, ndani inakuwa tanuri.

KIOKO: Halafu nimeona watu wanafika mahali, mtoto amelala, wanabofya kiti kwa pramu wanaendelea na maisha. Hiyo si ndio utamu wa hii seti?

MAMA TAJI: Ndio utamu na ndio mtego. Kiti si kitanda. Mtoto mchanga hawezi kuinua kichwa, kidevu kikiangukia kifua njia ya hewa inabanika na hatalia, ataenda kimya. Wanashauri isipite masaa mawili, na wiki za kwanza iwe hata chini ya hapo, nusu saa hivi. Sasa mvua inyeshe ukiwa Thika Road, masaa mawili hujafika Roysambu. Mimi naingia petrol station, namtoa, namnyoosha, ananyonya, tunaendelea. Mtu akae naye nyuma pia, amwangalie kidevu.

KIOKO: Mitumba je? Kuna jamaa wa soko la Gikomba ameniahidi ya elfu 12.

MAMA TAJI: Pramu ya mitumba nunua, kagua breki na ile kufuli ya fremu isikufungie vidole, na uulize adapta ziko, zile vipande vidogo vinashikanisha kiti na fremu, juu kiti cha kampuni hii hakikai tu kwa fremu ya ile. Dadangu aliuziwa bila, hajawahi kuzipata. Lakini kiti cha gari kama hujui kimetoka wapi, hapana. Kikishapata ajali kinaweza kuwa na ufa ndani huoni. Na kina tarehe ya kuisha, imechapwa kwa plastiki chini. Halafu huwezi jua mikanda ilioshwa na nini, mtu aliloweka na jiki ikatakata vizuri, nyuzi zimekufa.

KIOKO: Sawa. Kwa hivyo Jumamosi nafanya nini, dipoziti ama sitoi?

MAMA TAJI: Mpigie sasa muuzaji, muulize kama anaweza kutenganisha, akuuzie kiti peke yake. Na akubali kije hadi kwa Fielder, ukifunge, ukitikise, kikihama zaidi ya inchi moja urudishe.

KIOKO: Na akikataa?

MAMA TAJI: Mpe namba ya bibi yako.

KIOKO: Hapana, bibi yangu atanunua pramu. Ngoja nipige... inaita. Mama Taji, hebu acha njugu kidogo.